Rangi ya Chungwa Ina Mwenyewe

Kitu kimoja Bi Sabuni hakukipenda maishani mwake, nacho ni kufua nguo safi. Nguo chafu alizipokea kwa mikono miwili. Jezi iliyolowa jasho, bukta iliyoburuzwa kwenye nyasi, soksi zilizokauka na matope mpaka zikasimama zenyewe, zote hizo alizifurahia, kwa sababu zilimwambia kwamba kuna mtu amefanya kazi. Lakini jezi iliyorudi kutoka uwanjani ikiwa bado na mikunjo ya pasi aliyoipiga yeye mwenyewe asubuhi, hiyo ilimtia hasira. Ilikuwa jezi ya mtu wa benchi, aliyekaa mpaka mwisho bila kuitwa. Kanuni ya klabu ilikuwa kila kilichovaliwa kifuliwe, basi aliifua, huku akinung'unika na kuibamiza kwenye sinki kana kwamba kosa ni la jezi.

Chumba chake cha kufulia kilikuwa chini ya jukwaa, nyuma ya vyumba vya kuvalia. Kulikuwa na sinki refu la saruji, kamba zilizopita kutoka ukuta hadi ukuta, meza ya pasi, na mashine mbili za kufulia, moja nzima na moja mfu. Ile mfu iliahidiwa fundi kila dirisha la usajili lilipofungwa, kwa sababu kabla ya kufungwa hela zote zilikuwa zinangoja kumnunua mtu. Dirisha likifungwa, hela zilikuwa zimekwisha kumnunua. Basi jezi za wakubwa zilikwenda kwenye mashine, na za watoto alizifua kwa mkono. Wala hakulalamika sana, maana za watoto ndizo alizozipenda.

Siku za mechi mashabiki walikanyaga jukwaa mpaka chokaa ikamdondokea kichwani, lakini hakupanda hata ngazi moja kwenda kutazama. "Mimi mechi nitaiona kwenye kapu," alisema, na kweli aliiona. Jezi ya kipa ikirudi safi, alijua timu ilishambulia. Ikirudi imepakwa tope kifuani na mgongoni, hakuuliza matokeo. Alimpa mbeba vifaa pole, basi.

Sasa, timu za watoto zilikuwa tatu, na kila moja ilikuwa na namba saba wake, namba tisa wake, namba kumi na moja wake. Majina hayakuandikwa, kwa kuwa jina mgongoni ni la wakubwa. Ukizianika pamoja hujui ipi ya nani, na watoto kwa jezi ni wabishi kuliko mawakili. Kwa hiyo Bi Sabuni alikuwa na utaratibu wake. Mtoto akisajiliwa, analetwa kwake, anafunguliwa kopo la nyuzi, anachagua rangi. Rangi hiyo Bi Sabuni anaishona fundo dogo ndani ya kola, upande wa shingo, mahali pasipoonekana. Tangu siku hiyo ni yake, kwenye jezi, kwenye bukta, kwenye taulo. Rangi moja, mtu mmoja. Zikipungua, anasokota mbili pamoja. Mtoto akipanda timu ya wakubwa anapanda na uzi wake. Na akiachwa, anakuja mwenyewe, Bi Sabuni anaufumua ule uzi na kumpa mkononi, na siku hiyo jikoni kwake chai huwa chungu hata ikitiwa sukari ya harusi nzima.

Miaka ya nyuma alikuwepo mtoto mmoja waliyemwita Panzi, kwa sababu hakutembea, aliruka. Panzi alichagua uzi wa rangi ya chungwa. Alicheza winga ya kushoto, na jezi zake zilirudi chafu upande mmoja tu, ule wa mstari wa pembeni, maana huko ndiko alikoangushwa. Watu wote walisema atapanda. Halafu Mwenyekiti wa klabu akanunua winga wa kushoto kutoka mbali, mtu aliyekwisha kuiva, kama alivyosema mwenyewe, na aliyeiva haoti mti mmoja na mbichi. Panzi akaachwa aende zake bure. Bi Sabuni akafumua uzi. Yule aliyeiva alicheza msimu mmoja, akaumia goti, akaondoka.

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, tusimwonee. Alikuwa na duka la matairi, alikuwa na moyo, na aliwaogopa mashabiki kuliko alivyomwogopa mkewe. "Shabiki hangoji mtoto akue," alisema. "Anataka picha kwenye gazeti. Mtoto nitampiga picha gani?"

Baadaye akaletwa Kijiti. Alikuwa mwembamba hivi kwamba bukta ilimzunguka bila yeye kugeuka. Kopo likafunguliwa, akatia mkono, akaibuka na uzi wa chungwa. Bi Sabuni akasita. Rangi hiyo tangu Panzi aondoke hakuna aliyeigusa. Lakini akajiambia, waliokwenda wamekwenda, hajarudi hata mmoja, na nyuzi si za makumbusho. Akaushona. Hakujua kama anafanya kosa.

Kijiti naye akawa winga wa kushoto, jezi chafu upande ule ule. Wazazi hakuwa nao; alilelewa na mjomba wake, fundi wa kuchomelea madirisha na mageti, mtu mwema asiye na maneno mengi, ambaye kila siku alimtazama mpwa wake akitoka na viatu begani na kujiuliza mchezo huu utamlisha lini. Bi Sabuni alimpenda mtoto huyu kwa upendo wa wazi, usio na aibu. Alimwekea mkate. Alimfokea. Alimshushia upindo wa bukta kila alipoongeza urefu, na kila upindo ulioshuka alimwambia, "Bado kidogo, mjukuu wangu. Bado kidogo utavaa za wakubwa."

Msimu ulipokaribia, kocha wa watoto akamnong'oneza kwamba safari hii Kijiti anapanda. Bi Sabuni akaenda nyumbani anaimba. Mzee wake, mumewe, alikuwa sebuleni, redio sikioni.

"Umesikia?" mzee akamwambia. "Mwenyekiti kanunua winga wa kushoto. Hela aliyotoa, mtangazaji kairudia mara mbili, kadhani kasoma vibaya."

Bi Sabuni akakaa bila kuvua kanga. "Winga wa kushoto?"

"Wa kushoto. Mgeni njoo, mwenyeji apone!"

"Mwenyeji wetu ndiye anayeugua, baba. Kila mgeni akija."

"Basi huyu si mgeni. Ni yule mtoto wako. Panzi."

Bi Sabuni akacheka, kisha akalia, kisha akamkasirikia mzee kwa kumfanyia yote mawili kabla hajanywa chai. Klabu ilikuwa imenunua kwa mlima wa hela kitu ilichokitoa bure. Mzee akasema kizuri chajiuza. Bi Sabuni akasema kizuri hiki tulikitupa jalalani wenyewe, na jalala likatuuzia. Lakini usiku mzima mawazo yake hayakuwa kwa Panzi. Yalikuwa kwa Kijiti, kwa sababu uwanja una upande wa kushoto mmoja tu.

Panzi alikuja chini ya jukwaa siku ya pili baada ya kutambulishwa. Bi Sabuni alikuwa ameinamia sinki.

"Shikamoo, Bi Sabuni."

"Marahaba. Nani wewe? Unaniziba mwanga."

"Ni mimi, mama. Panzi."

Akageuka. Alikuwa mwanamume mzima mwenye ndevu, ananukia vizuri, saa mkononi inang'aa kuliko taa ya chumba. Bi Sabuni akamshika mashavu kwa mikono yenye povu. "Umekonda," akamwambia. Panzi alikuwa amenenepa, lakini kwa Bi Sabuni mtoto yeyote aliyetoka machoni pake amekonda.

Wakaongea, wakacheka, akaulizwa mke, akaulizwa watoto. Kisha Panzi akatoa funguo za gari. Kwenye pete ya funguo palikuwa na fundo la uzi. Rangi ilikuwa imepauka, imekuwa ya chai ya maziwa, lakini Bi Sabuni aliujua.

"Nimezunguka nao kote," Panzi akasema. "Sasa nirudishie mahali pake. Rangi ile ile."

Bi Sabuni akakausha mikono polepole. "Siwezi, mwanangu."

"Kwa nini?"

"Ina mwenyewe."

Panzi akacheka. "Mama, mwenyewe si mimi?"

"Ulikuwa. Sasa iko kwa mtoto mmoja wa timu ya vijana. Winga ya kushoto. Yuko njiani kupanda."

"Nisokotee basi na nyeupe."

"Nitakusokotea."

Panzi akafikiri. "Hapana. Nusu ya rangi yangu sitaki. Lakini mama, yule si yuko kwa watoto? Mimi niko juu kwa wakubwa. Tutakutana wapi?"

"Kwenye kapu," Bi Sabuni akasema. "Siku atakayopanda. Nikikushonea wewe, nimeshasema kwamba hapandi. Wewe una jina mgongoni kubwa kama kibao cha duka, huwezi kunipotea. Yule hana kitu kingine humu ndani ila huo uzi."

"Na kama hapandi kweli?"

"Basi atakuja mwenyewe kuniambia nifumue, kama ulivyokuja wewe. Mpaka siku hiyo, chungwa ina mwenyewe."

Panzi akarudisha funguo mfukoni, akasema ana haraka, akaondoka bila kunywa chai. Bi Sabuni akajiona mchawi. Alikuwa amemnyima mtoto wake kitu chenye thamani ya senti tano, na mtoto huyo aliachwa na kila mtu isipokuwa huo uzi. Alipiga pasi jezi ile ile mara tatu siku hiyo.

Haikupita wiki, Kijiti akaingia na jezi mkononi. Alisimama mahali pale pale aliposimama Panzi enzi zile, na Bi Sabuni akajua kabla hajafungua kinywa.

"Bibi, naomba unifumulie."

"Nani kakwambia?"

"Kocha. Kasema ukweli tu. Kasema mtu wa bei ile hakai benchi, na mimi nitakaa bure mpaka nizeeke. Mjomba kasema kuna nafasi karakana. Nikaanze."

"Subira, mjukuu wangu."

"Subira imenichosha, bibi."

Bi Sabuni akaipokea jezi. Akaanza kupapasa mezani. "Sioni miwani yangu."

"Iko kichwani."

"Basi sindano imepotea."

"Umeishika, bibi."

"Hata hivyo, jezi yenyewe mbichi. Uzi haufumuliwi kwenye nguo mbichi. Inararuka kola."

"Ni kweli kabisa," sauti ikasema mlangoni. "Haufumuliwi kwenye nguo mbichi." Alikuwa Panzi, taulo begani, amekuja kuomba radhi kwa ile chai. Jezi, tuseme ukweli, ilikuwa kavu kama karatasi. Panzi akamtazama kijana kuanzia utosini mpaka viatuni, viatu ambavyo kimoja kilikuwa na kamba ya rangi nyingine. "Ndiye huyu mwenye chungwa?"

Kijiti aliitikia kwa kichwa. Alikuwa na picha ya Panzi ukutani kwao, lakini picha haikuulizi swali.

"Mjomba wako anakutaka lini?" Panzi akauliza.

"Mvua zikikatika. Mageti yanakuwa mengi."

"Basi mvua bado zinanyesha. Kesho usiende mazoezi ya watoto. Njoo juu unikabe mimi. Nahitaji mtu wa kunikimbiza, hawa wenzangu wote wameshanunua nyumba." Kisha akamgeukia Bi Sabuni. "Mama, lete kopo."

Bi Sabuni akalifungua. Yule mwanamume mwenye saa ya kung'aa, mtu ambaye bei yake ilisomwa mara mbili redioni, akaingiza mkono kwenye kopo la nyuzi akichambua kama alivyochambua akiwa na miaka kumi, ulimi umetoka kidogo pembeni ya mdomo. Akaibuka na uzi wa kahawia, ile rangi iliyopooza, ambayo watoto waliiita rangi ya tope.

"Nishonee huu."

"Huo? Huo hakuna mtoto aliyewahi kuutaka."

"Ndiyo maana najua hauna mwenyewe."

Bi Sabuni aliushona palepale, na miwani ikamlazimu kuivua mara mbili kuifuta.

Kijiti akapanda. Panzi alimwambia kocha mkuu kwamba anamtaka mazoezini, na maneno ya mtu wa bei ile husikika. Na kanuni za ligi zinaacha nafasi kwa kijana wa klabu kwenye orodha. Mwenyekiti alimpa mkono, akampiga bega, akasema klabu yetu inalea vijana, akapigwa picha. Kumbe picha ya mtoto nayo inapigika. Kijiti akapewa jezi ya wakubwa yenye namba ndefu, haina jina bado, na uzi wa chungwa ndani ya kola. Kapu la wakubwa likawa na chungwa na tope pamoja. Bi Sabuni akadhani kazi imekwisha.

Haikwisha. Jezi ya Panzi ilirudi kila mechi imechafuka, na ya Kijiti ilirudi safi. Mechi ya nyumbani, safi. Mechi ya ugenini, safi, imekunjwa vilevile alivyoikunja. Kocha mkuu hakumchukia kijana. Lakini kila alipotaka kumpumzisha Panzi, Mwenyekiti alikuwa nyuma ya benchi anapangusa jasho. "Hela ile haiwezi kukaa chini, kocha. Watu wamelipa kumwona." Na Panzi akichoka kuna winga mwingine wa akiba, naye kanunuliwa, si kwa hela nyingi sana, lakini kanunuliwa. Na Kijiti alikuwa wa bure. Mtu wa bure hakuna anayeogopa kumpoteza.

Bi Sabuni akaifua ile jezi safi wiki baada ya wiki. Sasa hakuibamiza. Aliiloweka kimya, na huo ukimya ulimtisha hata mbeba vifaa. Kijiti alipopita hakuomba mkate. Mvua zilikuwa zinaelekea kukatika, na mjomba alikuwa ameshamnunulia miwani ya kuchomelea, ile ya kioo cheusi. Aliinunua kwa mapenzi, ndiyo shida yake. Ungeweza kumkasirikia vipi mtu aliyekununulia miwani?

Mechi ya mwisho kabla ya mapumziko ya ligi ilichezwa kwenye mvua. Maji yalipita mbele ya dirisha dogo la chumba cha kufulia yakiwa na maganda na tiketi. Yule winga wa akiba alikuwa anatumikia adhabu ya kadi, hayupo. Juu ya kichwa cha Bi Sabuni jukwaa likatulia, kisha likazomea, kisha likatulia tena, kisha kwa muda mrefu likawa linafanya kelele ambazo hakuzielewa. Chokaa ikamwagika. Akajizuia asipande ngazi. Akapiga pasi taulo ambazo zilishapigwa.

Mbeba vifaa akaleta kapu, akaliweka, akatabasamu, akatoka bila kusema neno. Juu kabisa palikuwa na jezi yenye jina kubwa kama kibao cha duka. Bi Sabuni akaishika. Ilikuwa kavu. Ilikuwa safi. Mikunjo ya pasi yake ilikuwepo yote. Akageuza kola kuhakikisha, akauona uzi wa tope, na moyo ukamruka: kaumia! Mtoto wangu kaumia!

Akazamisha mikono kapuni. Chini, chini kabisa, akakuta kitu kizito kilichojaa maji. Akakitoa. Tope lilikuwa limefunika namba isisomeke. Bega lilikuwa limefumuka mshono. Upande mmoja, ule wa mstari wa pembeni, nyasi zilikuwa zimejisokota kwenye kitambaa. Vidole vyake vikatafuta kola, vikaigeuza, vikasugua tope kwa ukucha. Chungwa.

Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, jezi mapajani, maji machafu yakimtiririkia kwenye sketi, akalia bila kujificha. Matokeo hakuyauliza.

"Mama."

Panzi alikuwa mlangoni, amevaa ndara.

"Mguu vipi?" Bi Sabuni akauliza.

"Unauma sana, mama. Msuli."

"Upi?"

Panzi akaitazama miguu yake yote miwili. Akafikiri. "Huu," akasema, akionyesha wa kushoto.

"Umeanza lini?"

"Leo. Tukiwa tunapasha. Kocha akatafuta mtu, hakuna mtu." Alikuwa anajitahidi kutocheka. "Mwenyekiti almanusura azimie. Saa hizi yuko juu anawaambia waandishi kwamba yule kijana alimwona tangu mtoto."

"Pole ya mguu, mwanangu."

"Nimeshapoa." Kisha akapanda ngazi, mbili mbili, akiruka kama panzi.

Baadaye kidogo Kijiti naye akachungulia, nywele bado zimelowa, magoti yamechubuka yote mawili. Nyuma yake, kwenye korido, alisimama mwanamume mwenye mikono ya makovu ya cheche, kofia mkononi, hajui aiweke wapi. Ndiye mjomba.

"Samahani, bibi," Kijiti akasema. "Nimeichafua."

"Toka hapa," Bi Sabuni akamjibu, "kabla sijakubusu mbele ya mjomba wako."

Walipoondoka akaitundika ile jezi ya Kijiti iliyojaa tope kwenye msumari, hivyohivyo ilivyo, ikidondosha matone sakafuni. Ingengoja mpaka kesho. Akafungulia maji sinkini, akachukua sabuni nzuri, ile aliyoificha, akaanza na jezi ya Panzi. Ilikuwa safi kabisa, haina hata alama. Akaifua kwa mkono, polepole, kola yote, mikono yote, wala hakunung'unika.